Mchapa Bahari

Shela, Alhamisi, siku za mwisho za Shaabani, 1957

Hakuna upepo tangu jana. Kaskazi imechoka, kusi haijaamka, na joto limetukalia kitako. Hata kunguru leo wanatembea kwa miguu. Nimeswali alasiri, nimekunywa kahawa vikombe viwili, na nimelifungua daftari hili mapema kuliko desturi yangu kwa sababu nina jambo la kuandika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane jambo lenyewe si bega.

Nimevua samaki.

Mmoja tu. Kolekole, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka kifundo cha mkono. Mtu mwingine wa Shela hangeandika habari ya samaki mmoja, angeona haya. Mimi nimekwisha kuona haya za kutosha mwaka huu, hii moja inaweza kupita.

Niandike kwa utaratibu, maana nikifurahi huanza kusimulia kutoka mkiani.

Msimu wa kusi uliopita nilikwenda kusaidia kupakia boriti, kazi ambayo si yangu. Boriti moja iliteleza ikanishukia bega la kulia. Fundi wa viungo alilikanda mwezi mzima, nami nikanywa kila nilichopewa. Mkono ulirudi, lakini haukurudi wote. Unapanda mpaka usawa wa sikio, hapo unagoma, na ukiulazimisha unanitoa machozi mbele za watu.

Kwa mwenye duka mkono wa namna hiyo unatosha. Kwangu haukutosha, kwa sababu mimi nilikuwa mrushaji wa kimia. Kimia ni wavu wa duara wenye risasi pembeni. Unaukusanya begani, ukingo wake mmoja unauuma kwa meno, unazungusha kiuno, kisha unaachia vyote kwa pamoja, mikono na meno na roho, nao unafunguka hewani kama sinia na kuwafunika samaki. Bila bega hakuna kimia. Nilikitundika ukutani, na ukutani kipo mpaka leo.

Tangu hapo samaki wa nyumba hii huletwa na Omari, kakake mke wangu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi. Huutundika mtungo kwenye komeo la mlango, hugonga mara mbili, na kabla mtu hajafungua ameshapinda kona. Afanya hivyo ili nisilazimike kumshukuru. Na hajapata kukaa kula kwetu hata siku moja tangu niumie. Nikimkuta njiani nikamkaribisha, husema ameshakula, hata kama ni asubuhi na mate ya saumu ya sunna yako mdomoni. Namwelewa. Akikaa, atakuwa mgeni wa samaki wake mwenyewe, na mimi nitakuwa nani hapo?

Wema wake ulikuwa na miiba, nami nilikuwa naula pamoja na miiba yake.

Acha niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma ila mimi. Nilifika mahali pa kuuchukia mlango wangu ukigongwa. Siku za Jumatatu na Alhamisi nilikuwa nazusha safari zisizokuwapo. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye nusu ya kwanza ya methali hiyo miezi minane, sioni ndia ya kufika nusu ya pili.

Wiki tatu zilizopita mke wangu, Mama Salma, alisema tutavunja jungu Alhamisi, yaani leo, tuuage ulaji wa mchana kabla ya Ramadhani. Akasema safari hii ndugu yake ataingia ndani apende asipende, kwa kuwa kuvunja jungu na jamaa yako amesimama mlangoni ni jambo la aibu. Nikamwambia vyema. Moyoni niliweka nia kwamba samaki wa siku hiyo atoke mkononi mwangu. Sikumwambia mtu. Niliandika hapa tu, kwa herufi ndogo, pembeni mwa ukurasa.

Sasa kuna Bwana Miwani. Ndilo jina tulilompa, la kwake halitamkiki. Ni Mzungu mtu mzima aliyestaafu kazi ya reli huko bara, amepanga nyumba ya makuti Ras Kitau, ng'ambo yetu pale upande wa Manda. Niliajiriwa kumtunzia nyumba na kuhakikisha ana maji ya kunywa, maana Manda haina maji matamu. Kila alfajiri navuka na mashua ya maji, nachemsha chai, nafagia mchanga ambao kufika jioni umerudi wote.

Bwana Miwani huvua kwa kitu nilichodhani ni mchezo wa watoto. Ana fimbo nyembamba ya mwanzi, na uzi mnene mzito, na mwisho wa uzi kuna ndoano iliyovishwa manyoya ya kuku. Hana chambo wala risasi. Uzito uko kwenye uzi wenyewe, kwa hiyo kinachorushwa ni uzi, manyoya yanaufuata tu kama mtoto aliyeshika kanzu ya babake. Nilimtazama mwezi mzima na kucheka ndani kwa ndani. Kisha asubuhi moja, nikiwa na birika mkononi, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Mkono wake ukirusha, haupandi kupita sikio.

Nikaliweka birika chini.

Nilimwomba anifundishe. Alifurahi, alifurahi mno. Alinipa fimbo yake kuukuu, iliyowahi kuvunjika katikati na kuzongwa uzi, akasema ni yangu maadamu niko hai. Kisha akaanza kueleza, na mtu wa reli akianza kueleza, mpaka stesheni ya mwisho hashuki. Kidole gumba kikae juu ya fimbo. Kiwiko kigande mbavuni. Kifundo cha mkono kisivunjike. Mguu wa kushoto mbele, ila kama upepo unatoka kulia, hapo mguu wa kulia. Mkono wa pili ushike uzi lakini usiushike sana. Macho yatazame mbele, ila mara nyingine yatazame nyuma. Ncha ya fimbo iende mstari ulionyooka, kama reli. Na alinichorea, mchangani, mishale ya kwenda na kurudi. Nikirudi nyumbani nayaandika yote. Yalifika tisa. Nikayahifadhi kama juzuu.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo Bwana Miwani aliapa hajapata kuliona kwa mwanadamu. Nilishika fimbo, nikakumbuka mambo tisa, nikaweka mguu, nikazungusha kiuno, na bila kujua nikauma uzi kwa meno. Miaka ishirini ya kimia haitoki kinywani kwa siku moja. Nilipoachia, niliachia kila kitu kwa pamoja, fimbo nayo. Ilikwenda ikaanguka majini mbele yangu, na mimi nimesimama na uzi mdomoni. Bwana Miwani alivua miwani yake akafuta machozi. Nami nilicheka, ingawa sikupenda.

Meno niliyaacha siku ya tatu. Kiuno kiliniacha siku ya saba. Lakini uzi haukwenda. Kila nikirusha ulitoa mlio mkali, pwa, kama kiboko cha mpanda punda, kisha ukaanguka miguuni mwangu umejikunja. Na mara nyingine mlio ulikata manyoya yakapotea. Nilipoteza saba. Bwana Miwani huyafunga mwenyewe kwa mikono inayotetemeka, na kila nikipoteza moja alinipa jingine na sahihisho jipya. Kidole gumba hivi, la, hivi. Nilikuwa nikiinua fimbo, kichwa kimejaa kama soko la Lamu asubuhi, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayeuza.

Sauti husafiri juu ya maji. Watu wa Shela walikuwa wakiisikia ile milio kutoka ng'ambo, na hapa kwetu jambo la kuchekesha halilali njaa. Wakaniita Mchapa Bahari. Nikishuka kwenye mashua ya maji huniuliza, "Bwana, leo imekiri?" Mmoja akasema bahari yenyewe imekwenda kushtaki kwa Liwali. Nilicheka nao, kwa kuwa usipocheka jina hukaa mpaka kwa wajukuu. Lakini usiku sikuwa nikila vizuri. Siku zilikuwa zinakatika, mtungo wa Omari unagonga mlango, na mimi nachapa maji.

Ikafika jana.

Jana alasiri nilichukua fimbo nikaenda kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba yetu. Mwisho wa uzi nilifunga kipande cha kitambaa badala ya ndoano. Dirisha la chumba cha mke wangu linaelekea huko. Yeye husomesha wasichana watano Qurani, na wakati ule walikuwa ndani wanasoma. Mmoja wao ana sauti nzuri na haraka mbaya. Akifika mwisho wa aya hasimami, huparamia aya inayofuata mpaka pumzi inamwisha katikati ya neno. Nilikuwa nasikia mke wangu akimrudisha, taratibu, mara ya tatu, mara ya nne, kwenye waqfu, yaani pale msomaji anaposimama na kuvuta pumzi. Msichana anasoma mbio ndani, na mimi nje, pwa, pwa.

Kisha sauti ya mke wangu ikatoka dirishani, wala hakuipandisha.

"Baba Salma, mkono wako hauna waqfu. Wasoma aya mbili kwa pumzi moya."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye hajashika fimbo hii maisha yake, na kwamba jambo hili lina mambo tisa, nimeyaandika. Mimi ni mtu wa kujibu haraka, hilo linajulikana. Lakini bega liliniuma, nikaishusha fimbo.

"Uzi ukenda nyuma, uwate wende," akasema. "Aya ishe. Kisha ndipo uanze nyingine."

Wale wasichana walicheka, nao wakarudishwa kwenye kusoma. Nikabaki nimesimama. Kwanza niliingiwa na wasiwasi kama inafaa kufananisha Kitabu na kuku wa Bwana Miwani, na baadaye nilimuuliza. Akasema hakufananisha chochote, yeye alikuwa akizungumzia pumzi, na pumzi Mungu ametupa kwa kila kazi.

Niliinua fimbo. Nikaisimamisha sikioni, ambapo mkono wangu husimama wenyewe, utake usitake. Na badala ya kurusha mbele, nikavuta pumzi. Sikufanya jambo jingine. Nyuma yangu uzi ulikwenda, ukanyooka, na nikasikia mkononi kitu kidogo, mvuto mwepesi, kama wa mtu anayekugusa bega kukwambia tayari. Nikapeleka mbele. Hakukuwa na mlio. Kitambaa kilikwenda, kikanyooka, kikatua juu ya mchanga mbali kuliko nilivyowahi kukipeleka.

Nikarudia mara kumi. Mara saba ulikwenda. Mara tatu nilikumbuka kidole gumba, na hizo ndizo zilizoharibika.

Ajabu ni kwamba Bwana Miwani alikuwa amelisema. Nimelitafuta humu ndani nimelikuta, ni jambo la sita, katikati ya mguu na macho: ngoja. Neno moja, limebanwa katikati ya mengine manane kama abiria mwembamba. Siwezi kumlaumu. Mimi ndiye niliyedhani kazi isiyo na mambo mengi si kazi.

Leo asubuhi maji yalikuwa yametoka, yanaanza kurudi. Mwendo wa saa tatu nilimaliza kufagia, nikachukua fimbo nikaingia mpaka magotini. Bahari ilikuwa kimya, unauona mchanga chini na kivuli chako mwenyewe. Wakaja kolekole, kundi dogo, wanakimbiza dagaa kwenye kina kifupi. Moyo ulinipiga kama wa bwana harusi. Nikasema bismillahi. Nikainua, nikasimama, nikavuta pumzi, nikapeleka.

Manyoya yalitua. Nikayavuta kidogo. Kolekole mmoja akayachukua.

Sitaandika vita vyote, hakuvuta kama nyangumi. Alivuta kama kolekole, lakini nilikuwa nimeshasahau kolekole anavyovuta. Nilimleta mchangani, nikapiga magoti, nikamshika kwa mikono yote miwili. Nililia kidogo. Haya, limeandikwa.

Bwana Miwani alikuwa barazani na kikombe chake, amesimama. Aliniuliza kidole gumba kilikuwa wapi. Nikamwambia sijui. Akaingia ndani, akatoka na manyoya mawili mapya akanipa.

Nilivuka na mashua ya mchana. Wakaniuliza kama imekiri. Nikamwinua samaki. Tulipofika katikati ya mlango wa bahari nahodha akasema basi itabidi watafute jina jingine. Nikawaambia waliache hilohilo, limekwisha kunizoea.

Mke wangu alimpokea, akamgeuza upande huu na upande huu. Alikwenda akasaga tangawizi na kitunguu saumu, akakuna nazi mbili pale ambapo moja ingetosha, na nikamsikia akiimba jikoni, jambo ambalo hulifanya akidhani sipo. Alimpaka akamchoma.

Nami nikafanya jambo la kitoto. Nilichukua kiti nikakaa nyuma ya mlango.

Baada ya adhuhuri ukagongwa mara mbili. Nilifungua kabla hajamaliza kugonga mara ya pili. Omari alikuwa bado ameshika mtungo, mkono uko kwenye komeo, na alishtuka kama mwizi. Alikuwa ameleta samaki wakubwa, kwa ajili ya siku. Nilikuwa nimeyatunga maneno mazuri tangu Ras Kitau, yenye heshima na shukrani, na yote yakanitoka.

"Huo upeleke kwenu," nikamwambia. "Leo ndani muna samaki."

Akautazama mkono wangu, kisha bega, kisha akanusa, maana harufu ya nazi ilikuwa imefika mpaka nje ndiani.

"Nani amvuzie samaki huyu?"

"Mchapa Bahari."

Omari aliutundika mtungo wake kwenye msumari wa nje, uwe tayari kurudi naye. Akavua makubadhi. Akaingia, akanawa, akakaa mkekani mahali ambapo alikuwa akikaa zamani, karibu na ukuta, chini ya kimia changu. Mke wangu aliweka sinia akarudi jikoni, na nikasikia kwamba kuimba kumekoma na kuna mtu anapenga pua.

Nilimkatia Omari kichwa, ndicho cha mgeni. Hakukataa. Alikila chote, akafyonza mifupa mmojammoja kwa uangalifu wa sonara, na wali akaongeza mara mbili. Hakunisifu na sikungoja anisifu. Tulizungumza juu ya mwezi, kama utaandama Jumapili au Jumatatu. Alipokuwa akivaa makubadhi aliinama muda mrefu kuliko makubadhi yanavyohitaji, kisha akasema bila kuinua uso:

"Jumatatu, kama hatuyafunga, nitakuya. Lakini nitakuya kula."

Akachukua mtungo wake akaenda nao.

Sasa nimekaa na daftari, na furaha imeanza kuchanganyika na hesabu za siku. Kesho Ijumaa, bahari nitaiona baada ya sala, maji yakiwa yamejaa na samaki wametawanyika. Jumamosi, Jumapili. Leo walikuja wenyewe mbele yangu, nani kasema watakuja tena? Nimerudi kwenye ukurasa wa mambo tisa, nikaanza kujiuliza kama kesho nisimame mguu wa kulia mbele au wa kushoto, kama nibadilishe manyoya, kama jua likiwa magharibi kivuli cha fimbo hakitawatisha. Nikayafikisha matatu kabla ya kujikamata.

Nimefunga ukurasa ule. Sikuuchana, ni mafunzo ya mtu aliyenipa fimbo yake.

Na nikikosa Jumatatu? Nimejiuliza kwa ukweli. Nikikosa tutakula wali na mchuzi mtupu, na sidhani Omari atainuka. Nilimtazama leo alivyokaa chini ya kile kimia, mgongo wake umeegemea ukuta wangu. Naye alikuwa amechoka kusimama nje.

Jumatatu, mwezi ukituachia, mlango utagongwa mara mbili, na mgongaji atangoja ufunguliwe.